Wimbo wa Makambi na Chipu ya Miguu Minane

Nina meza moja katika chumba cha ghorofani mjini Kisii, taa ya kuinamisha shingo, bisibisi za kila namna, na kibano chenye meno madogo ambacho wageni hudhani ni cha nywele. Kibano hicho ndicho kinachonilisha. Kazi ninayoitiwa zaidi siku hizi ni kuandika upya chipu za kompyuta, na kwa kuwa nimewaeleza watu wengi wasiopenda kuelezwa, nimejifunza kusema kwa ufupi.

Ndani ya kompyuta kuna chipu nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, yenye miguu minane. Inabeba maagizo ya kwanza kabisa, yale yanayoiamsha mashine kabla hujaona chochote kwenye kioo. Katika mashine za ofisi, chipu hiyo hiyo hubeba pia programu ya usimamizi, na programu hiyo ina kompyuta yake ndogo iliyojificha ndani ya kompyuta yako. Iko macho hata ukizima, mradi umeme upo. Ofisi kubwa za ughaibuni zinaipenda kwa sababu fundi aliye mbali anaweza kuiwasha mashine, kuikagua au kuifunga bila kunyanyuka kwenye kiti chake. Mashine zikichakaa huuzwa kwa jumla, hushushwa Mombasa, na huishia mikononi mwa walimu, makarani na wanafunzi wa kwetu. Mwenye nyumba amehama lakini mlinzi wake bado yuko getini. Watu huniletea mashine nimtoe huyo mlinzi.

Wengi wao hawana haja. Wameona video kwenye simu, wameogopa, wamebeba laptopu kuja mjini. Nikiwaambia kwamba hakuna mtu ughaibuni anayetaka kuona picha za harusi ya shemeji yao, wananiona fundi mvivu. Basi siku hizi naeleza mara moja, mtu akisisitiza nafanya.

Aliyesisitiza kuliko wote alikuwa mwalimu wa kwaya.

Ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira, si mbali na Ikonge, na kwa miaka mingi amefundisha kwaya ya kanisa lililo ng'ambo ya kijito kutoka kwetu. Sisi na wao ni Wasabato sote, tunaamini yale yale, tunasoma somo lile lile, na mwezi wa nane tunakutana kwenye makambi yale yale, mikutano ya ibada chini ya hema moja. Kwa hiyo hatuna la kushindania isipokuwa kuimba, na kwa kuimba tunashindana bila huruma. Mtu asiye wa kwetu anaweza kudhani natia chumvi. Nimewahi kuona wazee wawili wa kanisa wakikataa kusalimiana juma zima kwa sababu ya sauti ya tatu.

Mwalimu huyu hutunga. Zamani alikuwa akiandika nyimbo zake kwa solfa, zile do-re-mi, kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani, hadi siku moja alipomwona kijana akiipiga picha. Akaacha manila, akanunua laptopu iliyokwishatumika, akaanza kuandika humo sauti zote nne. Hakutoa nakala. Hakuweka kwenye flashi wala kwenye simu. Kila Jumapili jioni aliifungua mashine mbele ya waimbaji, akawasikilizisha, akawafundisha kipande, akaifunga.

Pamoja na yote hayo, makambi ya mwaka uliotangulia kwaya yetu ilisimama kabla ya kwaya yake, ikaimba wimbo wenye maneno mengine lakini tuni ya mwalimu mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wakasema amina kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Hakugeuka, ila masikio yake yalibadilika rangi.

Nilichosikia baadaye ni kwamba aliporudi aliwaapisha waimbaji wake, mmoja mmoja, kwamba hawatatoa wimbo nje. Kisha akawasimamisha akina mama watatu aliowashuku, sauti zake nzuri kuliko zote. Akaanza kutunga wimbo mpya, mrefu, wa kufungulia makambi yaliyofuata. Alikuwa amewafundisha beti mbili tu wakati mtu alipomwambia kwamba ng'ambo ya kijito watu wanauimba wakiosha vyombo. Hapo ndipo alipoacha kuwashuku watu, akaanza kuishuku mashine.

Alikuja asubuhi ya siku ya kazi, shule zikiwa zimefungwa, amevaa koti na kuukumbatia mkoba wa laptopu kifuani. Nilimsalimia kwa Ekegusii. Akanijibu, halafu akahamia Kiswahili, nadhani ili jambo lionekane rasmi.

"Wewe ndio unatoanga ile kitu inasikiliza watu?"

"Naitoa, Mwalimu. Lakini haisikilizi kwaya."

"Hiyo niachie mimi. Angalia hapa."

Akaiwasha. Kwenye kioo, kabla ya kitu kingine chochote, ulipita mstari wa kusema mashine inasimamiwa na ofisi fulani ya nchi ya mbali. Ni mstari wa kawaida, nauona kila juma. Yeye aliuonyesha kwa kidole kama anayemwonyesha mwizi dirishani. Niliuliza alikoinunua, kwa sababu sigusi mashine ya wizi, nikampigia muuzaji simu na kupata uhakika kwamba ile ofisi iliiuza kihalali pamoja na nyingine nyingi. Ni mlinzi tu ambaye hakuondolewa.

Niliichunguza kidogo huku yeye akisimama begani pangu. Nikaona jambo ambalo halikunipendeza. Diski yake ilikuwa imefungwa kwa kufuli la siri, lile linaloyageuza maandishi yote kuwa takataka mpaka ufunguo utolewe. Yeye hakuwa na habari, kwa kuwa ufunguo hujitoa wenyewe kila mashine inapowaka. Na katika mashine za aina ile, ufunguo hutunzwa na hiyo hiyo kompyuta ndogo ya usimamizi. Mlinzi aliyetaka afukuzwe ndiye aliyekuwa na funguo za ghala mfukoni.

Nilimkalisha, nikamweleza polepole. Nikamwambia, "Mwalimu, nikimtoa huyu, diski inaweza kukataa kufunguka, na nyimbo zako zikabaki humo humo. Tutoe kufuli kwanza, hata kama itachukua siku nzima. Au uniletee flashi tunakili nyimbo, dakika chache tu."

"Kufuli ikitoka, nyimbo zinabaki wazi?"

"Zitakuwa wazi kwa anayeishika mashine."

"Na wakati huo anaishika nani?"

Wote wawili tulijua mama yangu anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, na amekuwa akiimba tangu kabla sijazaliwa.

"Basi nenda nayo nyumbani," nikasema. "Nitakuonyesha pa kubonyeza. Ukimaliza kunakili, urudi."

"Halafu niwe na flashi kwa nyumba, watoto wanaibeba, inapotea. Hapana." Akatikisa kichwa. "Nyimbo ziko hapa." Akagusa paji la uso. "Hizi za mashine ni kivuli. Toa hiyo kitu."

"Na zikipotea?"

"Afadhali zipotee kuliko waimbe wao."

Hasira ilinipanda. Mimi si mtu wa kubembeleza mteja, lakini kulikuwa na jambo nililolijua na niliona ni haki alijue kabla hajaharibu kazi yake. Nilimwambia nimeusikia wimbo wake jikoni kwetu. Nilimuuliza mama alikoupata, akanijibu bila kuficha, akimenya ndizi: bai senta.

Bai senta ni kibanda ambako wakulima hupeleka majani ya chai kupimwa na kusubiri lori la kiwanda. Chetu kiko kwenye barabara ya kuelekea Itumbe, na kinatumiwa na watu wa pande zote mbili za kijito. Lori huchelewa, hasa ikinyesha, na mvua ya alasiri kwetu ni kama mwanafamilia. Wanawake hukaa juu ya magunia yao, wanachambua majani mabaya, na wanaimba. Anayejua sauti ya kwanza anaanza, wengine wanajitafutia mahali pa kuingilia. Wale akina mama watatu aliowasimamisha walikuwa na uchungu, na kwaya hawana tena, kwa hiyo waliuokota wimbo mpya kwa wenzao waliobaki, wakaimba hapo zaidi ya walivyowahi kuimba kanisani.

"Wimbo wako hautoki kwenye mashine, Mwalimu," nikamwambia. "Unatoka kwenye magunia ya chai."

Nadhani kwa kitambo aliniamini. Kisha akakunja uso na kusema, "Waimbaji wangu waliapa na Biblia. Mashine haijaapa."

Nikachukua bisibisi.

Huwa nafanya kazi hii asubuhi, kabla ya mvua, kwa sababu umeme wetu na mvua havipatani. Nilifungua mfuniko wa chini, nikachomoa betri kubwa na ile ndogo ya duara inayotunza saa, nikaitafuta chipu. Ilikuwa pembeni mwa kadi ya kumbukumbu, chini ya utepe mweusi. Nikaifuta, nikaibana, nikaunganisha kibano na kifaa changu cha kusomea, na kifaa na kompyuta yangu. Nilisoma maandishi yote ya ile chipu, nikasoma tena, nikalinganisha, maana kibano kikikaa vibaya hata kidogo utasoma upuuzi na baadaye utaandika upuuzi. Nakala ya kwanza nikaiweka kando. Halafu nikaendesha programu inayokata sehemu za usimamizi na kuacha kipande kidogo tu. Kipande hicho lazima kibaki: ukikata vyote, mashine inawaka vizuri, inakuchekea, na baada ya nusu saa inajizima yenyewe. Nikaandika upya, nikahakiki, nikarudisha betri.

Mwalimu alikaa muda wote huo, mikono magotini. Mara moja tu aliuliza, kwa sauti ya chini, kama chipu inahisi maumivu, nami sikujua kama anatania. Nilimpenda kidogo hapo.

Mashine iliwaka. Ule mstari wa ofisi ya mbali haukuonekana. Alipiga paja lake kwa kiganja na kusema, "Sasa." Halafu kioo kikawa cha buluu, na juu yake pakatokea maneno yanayoomba ufunguo wa tarakimu nyingi.

"Inataka nini?" akauliza.

"Inataka kile nilichokwambia."

Nilijaribu ninavyojua. Niliirudisha chipu kama ilivyokuwa, kutoka kwenye ile nakala niliyoiweka kando, na mstari ukarudi, mlinzi akarudi, lakini funguo hakuwa nazo tena. Zilikuwa zimefutika alipolala bila umeme. Niliiandikia ile ofisi ya ughaibuni, kwa sababu mashine kama hizo huwa zimetuma ufunguo wa akiba kwa mwenye nazo. Walinijibu kwa adabu kwamba waliiondoa kwenye rekodi zao siku walipoiuza, na kila kilichohusu mashine hiyo kilifutwa. Nilimwita mwalimu, nikamsomea jibu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ulisema," akachukua mkoba wake, akashuka ngazi. Nilisikitika kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa na nilikuwa na majibu mazuri.

Ikapita kama mwezi hivi. Habari zake nilizipata nyumbani, ninapokwenda siku za Sabato. Kile kichwa alichokigusa kwa kidole hakikuwa na wimbo. Ana sikio zuri, lakini alikuwa amezoea kuandika sauti moja, kuisikiliza kwenye mashine, kuweka ya pili juu yake, kusikiliza, na hivyo hivyo. Bila mashine alibaki na tuni na besi ya beti mbili. Sauti za kati zilikuwa zimemtoka kabisa, na ubeti wa tatu, ambao hakumfundisha mtu yeyote, ulibaki maneno bila tuni. Waimbaji waliobaki kwake walikumbuka vipande vipande. Waliojua vizuri, kwa kuuimba kila siku bai senta, ni wale watatu, na hao walimjibu kupitia watoto kwamba wamesimamishwa. Makambi yalikuwa yanakaribia, na jina la kwaya yake lilikuwa limeshapangwa kwenye ufunguzi.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa kwetu, sijaamka vizuri, niliposikia mtu akibisha kwa kikohozi nje ya jiko. Alikuwa yeye, amevaa lile koti, mikononi ana karatasi na kalamu mbili. Mama yangu alikuwa kwenye kigoda uani akichambua wimbi kwenye ungo.

"Bwakire, omong'ina," akasema, akimwamkia kama mama wa heshima.

"Bwakire, Mwalimu. Kaa."

Alikaa kwenye benchi. Waliulizana habari za watoto, za mvua, za bei ya chai, na kila mmoja alijua mwenzake anapoteza muda. Mimi nilileta chai na kujifanya hamnazo, nikabaki mlangoni. Mwishowe akasema, akitazama chini, kwamba amesikia mama anaujua ule wimbo.

"Naujua," mama akasema. "Unataka sauti gani?"

"Ya pili. Na ya tatu kama unayo."

Mama hana aibu ya kuimba. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso, akaimba sauti ya pili ya ubeti wa kwanza moja kwa moja, kisha akarudi akaimba ya tatu, kwa kuwa kule bai senta yeye hukaa karibu na wanaoiimba. Mwalimu aliandika solfa haraka haraka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake tena, kama kule hemani, na niliweza kuona mkono wake ukienda. Pale ambapo mama alikosea, au pale ambapo wimbo ulikuwa umebadilika njiani kutoka gunia hadi gunia, alisita, akatikisa kichwa kidogo, akaandika ya kwake. Alikuwa ameanza kuchangamka. Ubeti wa pili ulikwenda hivyo hivyo.

Mama alivuta pumzi, akaendelea.

Nilijua hakukuwa na ubeti wa tatu wa kuendelea nao. Mwalimu alijua zaidi. Lakini wanawake wakingoja lori hawawezi kuacha wimbo katikati, na kwa sababu hakuna aliyewafundisha mwisho, walikuwa wameutafuta wenyewe, mvua kwa mvua, mmoja akiongeza hiki, mwingine akikataa kile. Maneno yalikuwa mepesi, mengine ya Ekegusii. Tuni ilipanda pale ambapo kwenye beti za kwanza ilishuka, ikakaa juu kidogo kuliko ulivyotarajia, halafu ikateremka taratibu. Mimi sijui muziki, na nywele zilinisimama.

Kalamu ya mwalimu ilikuwa imesimama. Mama alimaliza, akachukua ungo wake, akaona karatasi haijaandikwa.

"Mbona huandiki? Nimeharibu?"

"Huo mwisho," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mwisho huo ni wa nani?"

Mama alimshangaa. Hakuwa akimtega, mimi namjua, hana ujanja huo. Kwake yeye wimbo wote ulitoka sehemu moja.

"Si ni wako, Mwalimu?"

Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Nilimwonea huruma na nilitaka kucheka, yote mawili pamoja. Aliitazama ile nafasi tupu chini ya beti zake mbili. Kuku alipita kati yetu, akaingia jikoni, na hakuna aliyemfukuza.

"Ni wangu," akasema. Akainamia karatasi. "Rudia, omong'ina. Enda pole pole, nisikose hata moja."